Kumfungia Paka Aliyepasuliwa: Dhuluma au Rehema?



Wiki hii tunajibu swali lililotufikia kutoka kwa mama mmoja wa Misunkumilo, Manispaa ya Mpanda. Paka wa nyumbani kwake, jike wa miezi mitano, amefanyiwa upasuaji wa kuondolewa kizazi. Daktari wa mifugo ameagiza asitoke nje wala kurukaruka kwa siku 10 hadi 14. Siku ya kwanza alilala. Siku ya tatu akaanza kupanda magunia ya mahindi, kuparamia pazia na kulia mlangoni. Watoto, ambao wamesoma madrasa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, wanamwambia mama yao kwamba kumfungia ni dhambi, na akigeuka tu wanamfungulia. Mama anauliza afuate lipi.

Watoto hawa hawakukosea kuikumbuka hadithi hiyo, nasi tunawapongeza walimu wao. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Umar (R.A.). Inaeleza kuwa mwanamke yule alimfungia paka mpaka akafa. Hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie vidudu vya ardhini. Tukiizingatia, tunaona kwamba adhabu ile haikuwa kwa ajili ya mlango kufungwa tu. Ilikuwa kwa mlango uliofungwa juu ya njaa. Anayemzuia mnyama asijitafutie riziki amejitwika yeye mwenyewe jukumu la riziki ile. Akilitekeleza, na kizuizi chenyewe kikawa kwa maslahi ya mnyama, hapo hakuna dhuluma. Mama naye humshika mwanawe mkono asikimbilie barabarani, na hakuna amwitaye dhalimu.

Inafaa basi watoto waelezwe kwa nini paka huyu anazuiwa. Katika upasuaji huu daktari hupasua tabaka kadhaa: ngozi, mafuta yaliyo chini yake, na ukuta wa misuli unaoyashikilia matumbo. Kisha hushona tabaka hizo. Ngozi huonekana imeshikana mapema, lakini ukuta wa ndani kwa siku hizo hutegemea nyuzi zaidi kuliko nyama. Paka mchanga hajui hayo. Usingizi wa dawa ukishamtoka na maumivu yakipungua, hujiona mzima. Mruko mmoja kutoka juu ya magunia waweza kukata nyuzi za ndani, na matumbo yakatokeza. Kwa hiyo uchangamfu wa siku ya tatu si dalili ya kupona, na ndio wakati wa kuzidisha uangalizi.

Nyumba zetu nyingi hazina chumba cha ziada, na hilo si kikwazo. Tenga kubwa la kuku lililosafishwa vizuri, au kreti pana, latosha, maadamu paka aweza kusimama, kujigeuza na kujinyoosha. Liwekwe sakafuni, penye kivuli na hewa, mbali na jiko na mbali na joto la bati la mchana. Ndani yake kuwe na kitambaa safi kinachobadilishwa kila siku, maji muda wote, na upande wa pili chombo cha kujisaidia. Katika chombo hicho tusitie mchanga wala majivu, kwani vumbi lake hunata kwenye kidonda. Karatasi zilizochanwachanwa ni bora. Ila tusitumie kurasa zenye aya au majina ya Allah, gazeti hili likiwemo.

Usiku wa kwanza paka huyumba na mwili wake hupoteza joto upesi. Alazwe chini, si kitandani, akiwa amefunikwa kitambaa chepesi. Apewe maji na chakula kidogo kidogo akishaamka vizuri.

Ulimi wa paka una miiba midogo, na kinywa chake kina vijidudu vingi. Akilamba mshono huufungua na kuuchafua. Daktari akitoa kola ya kumzuia, asivuliwe kwa kuonewa huruma. Akiikosa, familia imwulize daktari kama fulana kuukuu iliyokatwa matundu manne ya miguu, inayofunika tumbo bila kubana, itafaa. Ihakikishwe kwamba aweza kula na kujisaidia akiwa ameivaa.

Lakini nguvu alizonazo mnyama huyu zitakwenda wapi? Mtoto wa paka asiye na la kufanya atazimalizia kwenye mlango wa tenga. Chakula chake kigawanywe mara nne au tano kwa siku. Vipande vya dagaa waliochemshwa bila chumvi, kitunguu wala pilipili vifichwe ndani ya karatasi zilizokunjwa, avitafute kwa pua na makucha. Kitunguu ni sumu kwa paka, tukumbuke hilo. Unyoya wa kuku waweza kuvutwa polepole sakafuni mbele yake, bila kuinuliwa juu hata akashawishika kuruka. Uzi usitumike, maana akiumeza waweza kumfunga matumbo. Na mara mbili au tatu kwa siku mtu mzima amtoe, akae naye chini, amkune kichwa na shingo mpaka atulie. Kukaa naye hivyo kwa robo saa humfaa kuliko kumwachia nyumba nzima.

Kila siku, asubuhi baada ya Swala ya Alfajiri mwanga ukishapambazuka, na jioni baada ya Alasiri, kidonda kitazamwe. Wekundu kidogo na uvimbe mdogo wa siku za mwanzo ni kawaida. Usaha, harufu mbaya, damu inayoendelea kutoka, mshono kuachana, kutapika mara kwa mara, au kukataa chakula kwa siku nzima, hayo ni ya kupelekwa kwa daktari bila kungoja kesho. Kikitokeza kitu kutoka ndani, kifunikwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi, wala kisirudishwe kwa mkono, na safari ianze saa hiyo hiyo.

Tunasisitiza pia jambo linaloua paka wengi mikononi mwa watu wenye nia njema. Paka hapewi Panado. Mwili wake hauwezi kuivunja dawa hiyo kama wetu uwezavyo, na kidonge kimoja chaweza kumwua. Aspirini na diklofenaki nazo zina hatari. Kidonda kisipakwe Dettol, spiriti wala majivu, na paka asiogeshwe mpaka daktari aruhusu.

Kuhusu tohara ya nyumba, mama asiwe na wasiwasi. Katika hadithi ya Abu Qatada (R.A.), iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa paka si najisi, naye ni miongoni mwa wale wanaotuzunguka majumbani. Hata hivyo damu ya kidonda na mkojo ni najisi, hivyo tenga liwekwe mbali na mahali pa kuswalia, na mikono ioshwe.

Wapo watakaouliza kama upasuaji wenyewe unafaa kisheria. Wanazuoni wamekhitilafiana. Imam Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafi'i, alikataza kuhasi mnyama asiyeliwa. Wahanafi waliruhusu penye manufaa. Katika zama zetu Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaymin aliona hapana ubaya ikiwa paka wamekithiri na kuudhi, na upasuaji haumdhuru mnyama. Ambaye hajafanya na amshauri shekhe wake pamoja na daktari. Ama ambaye paka wake amekwisha kupasuliwa, khitilafu hiyo haimpunguzii wajibu. Kiumbe kilicho na jeraha kimekuwa amana mikononi mwake, na juu ya kuitunza amana hawakukhitilafiana.

Ushauri wetu kwa mama ni kwamba asiwafukuze watoto penye tenga. Awape kazi. Mmoja ashike maji, mwingine chakula, wa tatu abadilishe kitambaa, na kila mmoja aulizwe jioni kama ametimiza. Wanaoiogopa hadithi ya yule mwanamke ndio wanaofaa zaidi kupewa zamu, kwa kuwa wanajua uzito wake. Zikitimia siku zilizoagizwa, arudishwe kwa daktari atazamwe na, kama zipo nyuzi za kutoa, zitolewe. Hapo mlango ufunguliwe. Ataendelea kuwinda panya kwenye magunia kama alivyokuwa, kwani kuondolewa kizazi hakumwondolei silika hiyo.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.