Mapezi ya Rejeta Si Pambo

Askari yeyote aliyepata kupanda pikipiki ya doria ameyaona mapezi yaliyoizunguka silinda yake. Mapezi hayo, pamoja na yale membamba yaliyosongamana katika rejeta ya lori, ndiyo yanayoamua kama msafara utafika au utalala njiani. Sisi twaonelea kwamba jambo hili halifai kuachiwa mafundi peke yao.

Maji huchukua joto la injini kwa wepesi, lakini hewa hulipokea kwa shida. Kwa hiyo mbunifu hana budi kuipa hewa eneo kubwa la kugusa, na ndiyo kazi ya mapezi. Wengi hudhani kwamba pezi likirefushwa litapoza zaidi daima. Sivyo. Joto hupungua likisafiri kutoka shinani hadi nchani. Pezi likizidi urefu, ncha yake hukaribia ubaridi wa hewa, ikabaki kuwa mzigo tu. Shaba hupitisha joto kuliko aluminiamu, lakini ni nzito zaidi ya mara 3. Ndiyo maana aluminiamu imeenea katika magari ya leo.

Lililo gumu ni nafasi kati ya pezi na pezi. Yakisongamana, eneo huongezeka, na katika barabara ya lami mambo huwa mazuri. Lakini porini?

Twakumbuka msafara mmoja wakati wa kiangazi. Malori matatu yalichemka kabla ya adhuhuri. Pampu ya maji ikafunguliwa, feni ikalaumiwa, na vijana wakamimina ndani ya rejeta maji yao ya kunywa, hata madumu yakakauka. Fundi alipomulika tochi, mwanga haukupenya: mbegu za nyasi na vumbi vilikuwa vimeziba mapezi yote. Usiku ule kikosi kililala na kiu.

Wanaotuagizia magari na wadai basi rejeta pana yenye mapezi yaliyoachana, hata kama katika karatasi za kiwanda yaonekana hafifu. Nao madereva wasiyapige mapezi kwa maji ya nguvu kutoka karibu, maana hupinda na kuziba njia ya hewa. Injini ikishapoa, maji yapitishwe polepole kutoka upande wa feni kwenda mbele, kwa kuwa uchafu uliingilia mbele. Kazi hiyo ni ya robo saa, na bomba la kambini latosha.