Mtoto yuko kitandani Mikumi, masomo yako Kilosa

Mama mmoja wa Mikumi ana binti wa kidato cha pili anayesoma Kilosa mjini. Binti ana selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli. Maumivu yakimshika hurudi nyumbani wiki nzima, wakati mwingine mbili, na akirejea darasani anakuta wenzake wameshavuka mada. Safari hii mwalimu alimpa mama habari njema: shule ina seva, na mwanafunzi anaweza kuifikia akiwa nyumbani. Swali lake kwangu lilikuwa fupi: “Dada, nimruhusu?”

Mruhusu, mama. Ila si usiku.

Tuanze na hiyo seva, maana jina linatisha kuliko kitu chenyewe. Ni kompyuta iliyopewa kazi ya kutunza na kugawa nukuu za walimu, mitihani ya nyuma na video za masomo. Mwanafunzi aliye shuleni huifikia kwa waifai ya hapo hapo, hata intaneti ikiwa haipo. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika na mtandao ukasumbua nchi nzima, seva ya aina hii ingeweza kuendelea kuhudumia darasa bila shida. Aliye nyumbani hana bahati hiyo. Anahitaji bando, umeme uwepo kule Kilosa, na mtu wa shule asiwe ameizima kompyuta Ijumaa jioni akaondoka na funguo.

Njia ya kuingilia hutofautiana. Shule nyingine hutumia ukurasa wa kawaida wenye nywila. Nyingine hutumia VPN, yaani njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti, ili simu iliyoko Mikumi ipokelewe kama vile ipo darasani. Hapa kwetu VPN ina masharti: Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka wanaoitumia wasajili taarifa zao. Kwa hiyo muulize mwalimu wa TEHAMA shule imejisajili vipi, na usipakue VPN yoyote ya bure uliyotumiwa na jirani.

Omba pia mtoto apewe akaunti yake mwenyewe, ya kusoma na kutuma kazi basi. Nywila ya mwalimu haitakiwi kuzunguka kwenye grupu la wazazi. Kompyuta hiyo hiyo inaweza kuwa na alama za watoto, madeni ya ada, hata maelezo ya nani anaumwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, na mzazi ana haki ya kuuliza nani anaziona.

Sasa suala la usiku. Bando la usiku ni nafuu, kila mzazi analijua. Matokeo yake mtoto anakaa macho hadi saa nane akisubiri video ifunguke. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Kwa mwenye selimundu hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu uchovu, baridi na upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuamsha maumivu. Ukimweka kibarazani Julai usiku kwa sababu ndipo mtandao unaposhika, unaweza kumrudisha hospitali kwa ajili ya somo moja la jiografia.

Kesha wewe, au mkubwa mwingine wa nyumbani. Pakua usiku, mtoto asome asubuhi bila intaneti, ndani, chupa ya maji ikiwa pembeni. Chagua nukuu za maandishi kwanza, kwani video moja ndefu inaweza kumaliza bando zima. Asome nusu saa, apumzike. Siku ya maumivu makali hakuna kusoma kabisa. Na akipata homa, kifua kikimuuma, akipumua kwa shida au mkono na mguu wa upande mmoja vikiishiwa nguvu, weka simu chini mwende hospitali saa hiyo hiyo.

Hofu yangu nyingine ni ya upande wa shule. Seva ikishafika kitandani, na kazi ya “kesho saa mbili asubuhi” nayo itafika. Mtoto mgonjwa bado ni mgonjwa hata kama ameonekana mtandaoni. Mpelekee mwalimu wa darasa cheti cha hospitali, kisha mkubaliane mapema siku za ziada za kukusanya kazi. Usingoje mpaka mtoto aanze kuogopa kurudi.

Seva ikigoma, Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya kusoma bure. Ikigoma na hiyo, mwalimu ajaze nukuu kwenye memori kadi, aifunge kwenye bahasha yenye jina la mtoto, ampe mtu anayeaminika anayepanda gari la kupitia Ulaya. Jioni itakuwa imefika Mikumi.