Utazoea

Mwezi wa tatu wa utafiti wangu, maabara ya kompyuta ya idara yetu ilipata vipanya vipya. Vya zamani vilikuwa vyeusi, vyepesi, vya bei chee, vya aina ile inayopangwa kwenye meza za Kariakoo pamoja na chaja na kava za simu. Vipya vilikuja kwenye maboksi yenye picha ya kiganja kilichotulia. Mgongo wake umeinuka upande wa kushoto na kuteremkia kulia, ubavuni kuna shimo la kuegeshea kidole gumba, na juu ya shimo kuna vitufe viwili vidogo. Wenzangu walivishika wakasema, "Aisee, sasa hivi ndiyo vipanya." Mimi nilishika cha kwangu kwa mkono ninaoutumia, wa kushoto, na kidole changu cha mwisho kikatumbukia kwenye nafasi ya gumba la mtu mwingine.

Nilimfuata fundi wa maabara. Ni mtu mwema, amewahi kuniokolea faili zilizopotea usiku wa manane. Alinisikiliza, akacheka kidogo, akasema, "Utazoea tu, dada."

Ugomvi wangu ni na neno hilo.

Kazi yangu ni ramani. Kutoka kwenye picha za satelaiti nachora nyumba za Bonde la Msimbazi, moja baada ya nyingine, ili ijulikane ni paa ngapi zimekaa kwenye njia ya maji mto unapofurika. Katika QGIS, programu ninayotumia, unabofya kitufe cha kushoto kuweka kila kona ya nyumba, kisha unabofya cha kulia kufunga umbo. Nyumba ya kona nne ni mibofyo mitano. Siku njema nilikuwa nachora nyumba 400, yaani mibofyo 2,000 kabla ya jua kuzama. Ukifanya kazi ya namna hiyo, kipanya kinakuwa kama jembe kwa mkulima: mpini ukikaa vibaya, jioni mwili unakwambia.

Kwa vile vya zamani sikuhitaji ruhusa ya mtu. Nilihamisha kipanya upande wa pili wa kibodi, nikabofya kwa kidole cha kati, basi. Kwa hivi vipya, kila nilipokaza mkono, vidole viwili vya mwisho viligusa vile vitufe vya ubavuni, ambavyo kimojawapo kwenye kivinjari humaanisha "rudi nyuma". Fomu ya maombi ya fedha za utafiti, niliyoijaza kwa saa nzima, ilipotea hivyo hivyo. Fundi akanishauri nibadilishe vitufe kwenye mipangilio, cha kulia kiwe cha kushoto. Nikabadilisha. Mgongo wa kipanya haukubadilika. Tena nilisahau kurudisha mipangilio jioni, na aliyekaa baada yangu akaripoti kwamba mashine ni mbovu. Kesho yake ukutani kulikuwa na karatasi: MARUFUKU KUBADILISHA MIPANGILIO.

Basi nikahamia mkono wa kulia, kwa wiki sita. Nyumba 400 zikawa 150. Kifundo cha mkono kikaanza kuwaka. Msimamizi wangu alifungua ramani, akakuza picha, akaniuliza kwa upole, "Mbona nyumba za mwezi huu zimepinda?" Zilikuwa zimepinda kweli. Kwenye ramani ya mafuriko, kona iliyokosewa kwa mita mbili inaweza kuitoa nyumba ya mtu kwenye hatari, au kuitia. Ilibidi nizirudie zote.

Najua mkono wangu unavyotazamwa. Kiswahili chenyewe kinasema mkono wa kulia, nasi huelewa ni wa kulia chakula. Wazee wanauita wa kuume, na wangu wanauita wa kuke. Bibi yangu mzaa mama, kule Tanga, alinigonga vidole kwa mwiko kila niliponyoosha kushoto kwenye sinia. "Mkono gani huo, mjukuu wangu? Lete wa haki yake." Simlaumu. Sinia ni la watu sita, na mkono wa kushoto una kazi yake nyingine msalani. Adabu ile ina sababu, na mpaka leo nakula, nasalimia na kupokea kwa mkono wa kulia. Lakini kipanya hakiliwi. Hakuna anayetukanwa nikikishika kwa kushoto. Bibi alikuwa na sababu na aliisema. Aliyekichonga kipanya kile hana sababu aliyoitaja. Alitazama mkono wake, akaona watu wote.

Wala hakikuzaliwa hivyo. Mwaka 1964, katika taasisi ya utafiti ya Stanford huko Marekani, Bill English alitengeneza kipanya cha kwanza kwa wazo la Douglas Engelbart. Kilikuwa kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Tarehe 9 Desemba 1968, Engelbart alikionyesha hadharani San Francisco, wakati huo kikiwa na vitufe vitatu: mkono wa kulia kwenye kipanya, wa kushoto kwenye kifaa kingine chenye funguo tano za kuandikia. Kwa hiyo mazoea ya kukiweka kulia ni ya zamani, lakini mwili wa kipanya ulikuwa bado boksi tu. Cha Macintosh ya mwaka 1984 kilikuwa cha mstatili, kitufe kimoja. Mtu wa mashoto alikihamisha upande wa pili akaendelea na kazi. Ni baadaye, miaka ya 1990, ndipo vilipoenea vipanya vyenye mgongo wa kupinda. Vilisifiwa kwa starehe, na starehe yenyewe ilikuwa ya mkono mmoja.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kipanya cha bei chee cha Kariakoo kina pande mbili zinazolingana. Kinanihesabu sawa na wewe. Ukipanda bei, ukianza kununua starehe, ndipo mlango unapofungwa. Takriban mtu mmoja kati ya kumi duniani ni mashoto. Kwenye maabara ya viti 50, hao ni watu watano. Nani angenunua viti 50 akijua vitano vina msumari, halafu awaambie watakaovikalia kwamba watazoea? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Utaniambia: mbona mashoto wengi wanatumia kipanya kwa mkono wa kulia, na hawalalamiki? Kweli, ni wengi. Lakini waulize kipanya cha kwanza walikikuta wapi. Walikikuta kulia, kwenye kompyuta ya shule iliyogombewa na watoto wanne, waya umebanwa nyuma ya meza, mwalimu amesimama kichwani. Huwezi kumfunga mtu mkono, kisha ukatumia utulivu wake kama ushahidi kwamba kamba haimuumi.

Utaniambia pia: mashoto wana vipanya vyao. Vipo. Mwaka 2022 Logitech ilitoa kipanya cha wima kiitwacho Lift, na kikawa na toleo la mkono wa kushoto. Ni jambo jema kwa mwenye meza yake na pesa yake. Lakini sisi tunashirikiana mashine: maabara, maktaba, ofisi za posho, vibanda vya intaneti. Cha kushoto kitawekwa kwenye mashine gani? Nikikuta mtu ameikalia, nimwinue? Katika mashine ya wote, kifaa cha peke yangu kinanipa kiti cha peke yangu, pembeni, na kwa mkono wa kulia nimeshapewa viti vya pembeni vya kutosha.

Hoja pekee ninayoiheshimu ni ya ufundi. Umbo linalolingana halijazi kiganja kama lile lililochongwa, na ukiweka vitufe vya gumba pande zote mbili, kila mtu atakuwa na upande unaobonyezwa kwa bahati mbaya. Hilo ni tatizo la kweli. Ila limeshatatuliwa, na waliolitatua ni watu wa michezo ya kompyuta: G Pro Wireless ya mwaka 2018 ina vitufe vya ubavuni vinavyobandikwa kwa sumaku, unavitoa upande usioutaka na kuweka kifuniko. Kifaa hicho si cha bei yetu. Lakini kimeonyesha kwamba jambo linawezekana, na kwa mashine ya ofisi au maabara hata hivyo vitufe vya ubavuni havihitajiki. Umbo moja linatosha mikono yote, na kiwanda kinatumia kalibu moja tu.

Mwezi uliopita mwenzangu mmoja wa darasani, mtu wa kulia kabisa, alianguka na bodaboda akavunjika mkono. Alirudi maabara amefungwa plasta, akakaa mbele ya kile kipanya cha starehe, akakitazama. Alijaribu kwa kushoto. Kidole chake cha mwisho kikaingia kwenye shimo la gumba, na ukurasa wake ukarudi nyuma.

"Dada, kumbe ndivyo unavyoishi?" aliniuliza.

Nilimpa kipanya changu. Nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 8,000, natembea nacho kwenye mkoba kama mtu anayetembea na dawa. Alikitumia wiki tano. Alipopona alinirudishia, lakini ameanza kubadilisha mikono: asubuhi kulia, jioni kushoto. Anasema kibodi ya mezani ina safu ya tarakimu upande wa kulia, kwa hiyo kipanya kikikaa kushoto bega lake halinyooshwi. Hilo sikumfundisha mimi.

Basi sikuombi huruma, wewe unayesoma hapa. Wengi wenu baada ya miaka michache mtakaa kwenye vikao vya manunuzi, mtapewa orodha ya vifaa mtie sahihi. Mtauliza kuhusu kasi ya kompyuta, ukubwa wa skrini na muda wa dhamana. Ulizeni na kipanya kina mgongo wa upande gani. Kama umepinda, kirudisheni, chukueni cha bei ya chini kilicho sawa pande zote, na chenji itakayobaki nunueni kiti.

Na mtu akija kwenu kusema kifaa kinamuumiza, msimwambie atazoea. Mimi nilizoea sinia, nikazoea salamu, nikazoea kalamu iliyofungwa kwa kamba upande wa kulia wa kaunta. Nyumba za Msimbazi nilizozichora kwa mkono nisiouzoea nimezifuta zote, nikazichora upya.