Subira ya Mama Si Kunyamaza



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, rehema na amani zimshukie, nawaletea wiki hii suala nililoulizwa na mama mmoja baada ya darsa ya kina mama. Wenziwe walipoinuka kwenda zao, yeye alibaki mkekani akikunja na kukunjua ncha ya buibui lake. Mwanawe alichukuliwa usiku na watu waliojitambulisha kuwa askari. Huu ni mwaka wa tatu. Hajamwona akiwa hai, wala hajaonyeshwa kaburi.

"Sheikh," aliniambia, "kila niendako kuuliza huambiwa, mama, subiri. Nikirudi nyumbani, jamaa zangu nao huniambia, mama, subiri, kushtakia ni kutoridhika na kadari. Sasa nijibu wewe uliyesoma: nikiendelea kudai, nimeipoteza subira?"

Nakiri kwamba siku ile sikumjibu ipasavyo. Nilimwombea dua, naye akaitikia amina, akaondoka. Lakini swali lake lilinikosesha usingizi, na jibu liliponijia lilitoka mahali ambapo baadhi yenu mtastaajabu, nalo ni uwanja wa mpira.

Wasomaji wa siku nyingi wanaijua hulka yangu hii. Napenda kandanda tangu nilipokuwa mwanafunzi wa chuoni, na ligi ya Uingereza naifuata kama wanavyoifuata wana wenu, ingawa mimi nalala mapema na siweki kamari. Basi nipeni ruhusa niwasimulie habari ya mchezo mmoja ambao haukumalizika.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 15 Aprili 1989, nasi tulikuwa ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani. Huku kwetu ilikuwa yapata saa kumi na moja za jioni, saa ambayo mama zetu huwa mekoni wakitayarisha futari. Kule Uingereza, katika mji wa Sheffield, ilikuwa saa tisa alasiri, na Liverpool na Nottingham Forest zilikuwa zinaanza nusu fainali ya Kombe la FA katika uwanja wa Hillsborough. Zama zile mashabiki waliosimama nyuma ya goli walitiwa ndani ya vizimba vya chuma, kwa kuwa wakubwa wa serikali na wa polisi waliwahesabu mashabiki wote kuwa ni wahuni. Mtu akishadhaniwa mhuni, hujengewa kizimba, na hakuna anayejisumbua kuuliza atatokaje humo siku ya hatari.

Nje ya lango la upande wa Liverpool watu walisongamana. Kamanda wa polisi aliyesimamia mchezo, David Duckenfield, ambaye alikuwa mgeni katika kazi ile, aliamuru lango kubwa lifunguliwe. Halaiki ikaingia na kushuka kwenye njia ya chini iliyoelekea vizimba vya katikati, ambavyo vilikuwa vimekwisha kujaa, na hapakuwa na askari wa kuwaelekeza pembeni kulikokuwa na nafasi. Walio mbele walibanwa juu ya uzio wa chuma hadi pumzi ikawaishia. Saa tisa na dakika sita mchezo ulisimamishwa. Idadi ya waliokufa kwa ajali ile, pamoja na wale waliokufa baadaye kwa majeraha yake, ni watu 97. Mdogo wao alikuwa na umri wa miaka 10, na saba kati yao walikuwa wanawake.

Maiti wakiwa bado wamelazwa uwanjani, kamanda yule aliwaambia wakuu wa chama cha mpira kwamba mashabiki ndio waliolivunja lango. Ulikuwa uongo, na mwenyewe alikuja kuukiri mbele ya mahakama mwaka 2015, lakini ulikwisha kutangazwa dunia nzima. Baada ya siku nne gazeti la The Sun lilichapisha kwa herufi kubwa kuwa ukweli ni huu: mashabiki walikuwa walevi, waliwaibia maiti na kuwakojolea askari. Damu za maiti zilipimwa kutafuta pombe, hata damu ya mtoto wa miaka 10.

Hapa nina jambo la kutubia. Mimi niliisikia habari ile redioni na kuisadiki. Nakumbuka tukiwa barazani baada ya tarawehe nikiwaambia vijana wenzangu, kwa ujasiri wa asiyejua, kwamba walevi wale wamejiua wenyewe. Nilikuwa nimekwisha kuisoma Surat Al-Hujurat kwa tafsiri yake, ile aya ya sita inayotuamuru tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Niliihifadhi kwa ulimi, na jioni ile ile nikaivunja kwa ulimi huo huo.

Jaji Peter Taylor aliyeteuliwa kuchunguza alisema mwaka huo huo kwamba sababu kuu ilikuwa polisi kushindwa kuudhibiti umati. Pamoja na hayo, uchunguzi rasmi wa vifo ulipomalizika mwaka 1991, iliamuliwa kuwa vilikuwa vifo vya ajali. Tena aliyeuongoza alikataa ushahidi wowote wa mambo yaliyotokea baada ya saa tisa na robo, kwa hoja kwamba ilipofika saa hiyo majeruhi wote walikuwa hawana tena tamaa ya kupona.

Akatokea mama mmoja, Anne Williams, ambaye mwanawe Kevin, kijana wa miaka 15, alikuwa miongoni mwa waliokufa. Hakuwa wakili wala mwanasiasa. Alibisha hodi kwa mashahidi mmoja mmoja, na miongoni mwao akampata askari wa kike aliyemwambia kwamba alikuwa na Kevin karibu saa kumi, na kwamba kabla ya kukata roho kijana alitamka neno moja: mama. Basi ile saa tisa na robo ilikuwa uongo. Alipeleka maombi serikalini yakakataliwa, akapeleka tena yakakataliwa tena. Alikuwa akiambiwa lile lile aliloambiwa mama wa darsa yangu, kwamba asahau na aendelee na maisha yake.

Tarehe 15 Aprili 2009, miaka 20 tangu msiba, waziri Andy Burnham alihutubia katika uwanja wa Liverpool. Maelfu ya watu walimkatiza kwa sauti moja wakidai haki. Waziri yule ni shabiki wa Everton, mahasimu wa jadi wa Liverpool, lakini hakukasirika. Aliibeba sauti ile hadi barazani kwa mawaziri wenzake, na likaundwa jopo huru la kufungua nyaraka zote. Ripoti ya jopo ilitoka Septemba 2012. Ilionekana kwamba maelezo 164 ya askari yalikuwa yamebadilishwa, na katika 116 kati yake yaliondolewa maneno yaliyowalaumu polisi. Ilionekana pia kwamba watu 41 pengine wangeokolewa lau wangehudumiwa mapema. Mwezi Desemba mahakama kuu ilifuta uamuzi wa zamani. Anne Williams aliishi akauona ufutwe; alifariki kwa saratani mwezi Aprili 2013, siku tatu baada ya kuhudhuria kumbukumbu ya msiba akiwa katika kiti cha magurudumu. Tarehe 26 Aprili 2016, baada ya miaka 27, jopo la raia liliamua kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa.

Sasa linganisheni habari hiyo na hii. Usiku wa tarehe 18 Aprili 2021, vilabu 12 vikubwa vya Ulaya, sita vikiwa vya Uingereza, vilitangaza kuanzisha ligi yao ya matajiri. Mashabiki walijaa barabarani na Waziri Mkuu Boris Johnson alitishia kutunga sheria. Kwa muda wa siku mbili tu vilabu vyote sita vya Uingereza vilijitoa. Mwezi uliofuata, katika nchi hiyo hiyo, kesi ya maofisa wawili wastaafu wa polisi na wakili mmoja kuhusu maelezo yaliyobadilishwa ilifutwa. Jaji alisema kwamba maelezo yale yalitayarishwa kwa ajili ya tume ya Jaji Taylor, nayo haikuwa mahakama. Duckenfield alikwisha kuachiwa huru mwaka 2019. Aliyetiwa hatiani ni katibu wa klabu yenye uwanja, akatozwa faini ya pauni 6,500. Lilipoguswa shauri la fedha za ligi, serikali iliamka kwa siku mbili. Liliposhtakiwa shauri la roho za watu, wazazi walizeeka mlangoni.

Tusiwacheke Waingereza. Mwezi Oktoba 2010, watu saba walikanyagwa wakafa katika uwanja wa Nyayo jijini Nairobi, siku ya mchezo wa Gor Mahia na AFC Leopards. Waulizeni wana wenu, wanaojua kila mchezaji aliyeuzwa na kununuliwa Ulaya, kama wanajua jina la mmoja tu kati ya saba hao. Na hapa Pwani kwetu, kijana akichukuliwa, neno la kwanza barazani huwa lipi? "Huenda alikuwa na lake." Neno hilo ni ndugu wa kichwa cha habari cha gazeti lile. Kwalo tunamjengea marehemu kizimba, na mamake tunamfungia ndani pamoja naye. Mwana wa yule mama alipochukuliwa, wapo waliolitamka, nami nilikuwapo wala sikuwakataza. Hilo nalo natubia.

Basi, mama yangu, jibu lako ni hili, na uniwie radhi kwa kuchelewa.

Nabii Yaakub, amani imshukie, alipoletewa kanzu ya mwanawe ikiwa na damu ya uongo, alijibu kwa subira njema. Lakini yeye huyo huyo, katika Surat Yusuf hiyo hiyo, baada ya miaka mingi na macho yake yameingia weupe kwa huzuni, aliwaamuru wanawe wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa na rehema ya Mola. Hakuna aliyesema kwamba Yaakub aliipoteza subira kwa kuagiza mwanawe atafutwe. Na bibi Khawla binti Thaalaba alipodhulumiwa nyumbani kwake, alikwenda kwa Mtume akajadiliana naye na kumshtakia Mwenyezi Mungu. Mola aliyasikia maneno yake akayateremshia sura, Al-Mujadila. Subira ni kutomkufuru Mungu katika msiba, na kutomdhulumu asiye na kosa kwa sababu ya uchungu. Kumnyamazia dhalimu si subira. Surat An-Nisaa inatuamuru kusimama na uadilifu na kutoa ushahidi hata dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Seuze dhidi ya mwenye bunduki aliyeapa kutulinda.

Lakini dai lako uliweke katika utaratibu, kama alivyofanya mama Anne. Nunua daftari. Andika tarehe na saa, uliyemwona na aliyoyasema. Ukipiga ripoti kituoni, usiondoke bila ya nambari ya OB. Iko Mamlaka Huru ya kusimamia mienendo ya polisi, IPOA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011. Peleka malalamiko yako huko kwa maandishi na ubaki na nakala. Usiende peke yako. Nenda na ndugu, na jirani, na watu wa mashirika ya haki. Ukitaka imamu wa kufuatana nawe, nimekwisha kumwomba mke wangu akuletee salamu zangu: nitakwenda nawe.

Nanyi wazazi wengine, wana wenu wakirudi usiku kutoka kutazama mpira, msiwakemee tu kwa kuchelewa na kwa pesa wanazotupa katika kamari, ingawa yote mawili yanastahili kukemewa. Waketisheni muwasimulie habari ya Hillsborough. Waambieni kwamba mwezi Septemba 2025 serikali ya Uingereza ilipeleka bungeni mswada wa kuwalazimisha askari na maofisa wa umma kusema kweli baada ya misiba, na kwamba mswada huo, ambao watu huuita kwa jina la uwanja ule, chimbuko lake ni wazazi waliokataa wana wao wazikwe pamoja na uongo.

Ewe Mola, warejeshe waliopotea kwa mama zao wakiwa hai. Na uliokwisha kuwachukua, yaonyeshe makaburi yao, usafishe majina yao, na usitufanye sisi kuwa miongoni mwa waliowasingizia. Amin.

Wassalaam.