Bei ya Chumba Ni Gani Hasa?

Wasee, hebu niambieni: kama vyumba ni 18,000, mbona nilipe 23,340?

Desemba tulienda Diani watu wanne, vyumba viwili, siku mbili. Tulichanga miezi mitatu. Asubuhi ya kuondoka dada wa mapokezi akanipa bili: VAT asilimia 16, ushuru wa utalii asilimia 2, "huduma" asilimia 10. Na chupa mbili za maji zilizokuwa kando ya kitanda, 300. Maji! Mimi nilidhani tumekaribishwa.

VAT na ushuru ni za serikali, sibishani. Lakini kwa nini nizijue nikiwa nimeshabeba begi, mfukoni imebaki nauli tu? Nililipa na Fuliza, kwa aibu.

Kumbe Sheria ya Ushindani ya 2010 inampa mteja haki ya kujulishwa malipo yote, yaitwe jina lolote. Kwa hivyo siku hizi kabla ya kutuma deposit nauliza WhatsApp: "Jumla ngapi, kila kitu ndani?" Wakijibu, naweka screenshot. Wakizungusha, natafuta kwingine. Mabeshte wananiita mchoyo, sawa tu. Na maji nanunua dukani.