Pigo Ahesabu Nani?

Msafiri atokaye Iringa mjini kwenda Kalenga huonyeshwa, katika jumba la makumbusho, fuvu la Mtwa Mkwawa lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, pamoja na silaha za zama zake. Mkuki uliorushwa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 haukuhitaji mwamuzi. Aliyeanguka alianguka, na hakuna aliyeuliza pointi. Mchezo sivyo ulivyo. Mchezo wa kupigana ni ugomvi uliozungushiwa kamba za sheria, na sheria iliyo ngumu kupita zote ni ile ya kujua pigo lipi lihesabiwe, na nani alihesabu.

Tumelikumbuka jambo hili kwa kuwa ndondi zimerudi Visiwani. Zilipigwa marufuku huko baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, wakati wa uongozi wa Mzee Abeid Amani Karume. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2022, chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi, na mwaka uliofuata mabondia wakapanda ulingoni Unguja. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunawapongeza ndugu zetu. Lakini pongezi bila nasaha ni nusu ya udugu.

Ulimwengu umejaribu njia kadhaa za kuhesabu pigo. Ya kwanza ni kumwachia aliyepigwa. Huko Marekani kipo chama, kilichoanzia Berkeley, California, mwaka 1966, ambacho wanachama wake huvaa deraya na kofia za chuma kama askari wa Ulaya ya kale, wakapigana kwa fimbo za henzirani badala ya panga. Anayepigwa ndiye anayeamua kama pigo lilikuwa zito na lilifika. Akipigwa mguu hupiga magoti akaendelea. Akipigwa mkono huacha kuutumia. Akipigwa kichwa barabara hukubali kuwa amekufa, akatoka. Atakayekana pigo hupoteza heshima yake. Ni utaratibu mzuri, kwani wahenga walinena kuwa aisifuye mvua imemnyea. Ila unafaa pale ambapo mshindi hapewi ila sifa. Mtu ambaye karo ya watoto wake imo katika matokeo ya pambano, kumtaka ajihukumu mwenyewe ni kumwonea.

Njia ya pili ni ya mashine. Mwaka 1988, katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul, Roy Jones wa Marekani alimpiga Park Si-hun wa Korea Kusini raundi zote tatu machoni pa dunia nzima, majaji watatu kati ya watano wakampa ushindi mwenyeji. Kwa aibu hiyo, kuanzia Barcelona mwaka 1992 majaji walipewa vitufe vya kompyuta, na pigo likahesabiwa iwapo watatu kati ya watano wamebonyeza ndani ya sekunde moja. Kilichofuata kilikuwa hasara ya namna nyingine. Ngumi za mfululizo zilipotea hewani kwa kuwa vidole havikuwahi, ngumi za mbavuni zikadharauliwa, na vijana wakajifunza kudokoa na kukimbia. Mwaka 2013 vitufe viliwekwa kando, ukaingia utaratibu wa mshindi wa raundi kupewa pointi kumi. Hata hivyo baada ya Olimpiki ya Rio, mwaka 2016, majaji na waamuzi wote 36 walisimamishwa. Basi ugonjwa haukuwa katika chombo, bali katika mkono unaokishika.

Huenda msomaji wa Makunduchi akatuambia kwamba kwao kila Julai, siku ya Mwaka Kogwa, watu hupigana kwa vigogo vya migomba bila jaji wala pointi, na mambo huisha kwa amani. Ni kweli, na ni hekima kubwa. Lakini kule hakuna anayehesabu kwa sababu shabaha si kumpata mshindi. Shabaha ni kuzimaliza chuki za mwaka uliopita. Ulingo wa kulipwa una shabaha nyingine, nao hauwezi kuishi bila hesabu.

Hapo ndipo penye wasiwasi wetu. Michezo si jambo la Muungano. Bara lipo Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Zanzibar ina mamlaka zake. Kijana wa Mbeya atavuka bahari kwenda kupigana Unguja, na wa Unguja atapanda hadi Iringa kupigana katika baridi asiyoizoea. Iwapo majaji wote ni watu wa mwenyeji, na karatasi zao zikafungiwa mkobani mara tu jina la mshindi litangazwapo, atakayeshindwa atarudi kwao akisema ameibiwa. Mwamba ngoma huvutia kwake. Manung'uniko ya ulingoni yakizoeleka hayakomei kwa mtu mmoja. Huwa maneno ya upande mmoja juu ya upande wa pili.

Tunawashauri viongozi wa pande zote mbili wakubaliane mambo manne. Kwanza, kabla ya pambano, mtangazaji awaeleze watazamaji kwa Kiswahili ni pigo lipi linalohesabiwa: lile la sehemu ya vifundo ya glovu iliyofumbwa, lililofika mbele au ubavuni mwa kichwa au mwili, juu ya mkanda, bila kukingwa. Pili, bondia wa upande mmoja akipigana na wa upande wa pili, majaji wote watatu wasitoke katika mkoa wa mpiganaji yeyote kati yao. Tatu, alama za kila jaji, raundi kwa raundi, zibandikwe ukumbini usiku uo huo na kutolewa kwa magazeti. Nne, daktari awe na mamlaka ya kusimamisha pambano bila kujali nani anaongoza, maana ngumi ambayo jaji hakuiona, ubongo umekwisha kuipokea.

Mashauri haya hayahitaji mashine wala fedha nyingi. Karatasi, kalamu na gundi vyapatikana Mbeya na vyapatikana Unguja. Nchi hii ilijipatia medali ya fedha ya ndondi kwa mikono ya Titus Simba huko Edinburgh mwaka 1970, na ya dhahabu kwa mikono ya Michael Yombayomba huko Kuala Lumpur mwaka 1998. Vijana wanaotaka kuwafuata wako tayari kupigwa. Wanachodai ni kwamba mapigo yao yahesabiwe kwa haki, na dai hilo ni halali.