Hedifoni za kazini: mimi bado niko upande wa waya

Kila mfanyakazi mpya anayeketi karibu nami huuliza swali lile lile: ninunue hedifoni gani za bei nafuu? Nami huwa namchosha, kwa sababu najibu kwa swali. Utazitumia kusikiliza tu, au na kuongea pia? Wengi huchagua hedifoni za kazi jinsi wanavyochagua redio ya gari, yaani wanaangalia besi. Basi leo nijibu mara moja, anayefuata nimwonyeshe hapa.

Kama bajeti yako haizidi shilingi elfu mbili, usinunue za Bluetooth. Nunua za waya, zinazoziba sikio vizuri, zenye maikrofoni. Najua nitaitwa mzee, na sijafika hata thelathini.

Kuna kisa nyuma ya ukali huu. Mwaka jana tulikuwa tukihamisha mfumo wa mauzo wa mteja mmoja kwenda kwenye seva mpya. Mwenzangu alikuwa ofisini, mimi nyumbani, tunaongea kwa intaneti. Nilikuwa nimevaa vile vidude vidogo visivyo na waya, nilivyovinunua kwa shilingi 1,200 nikajiona mjanja. Nikamwambia, "Ile hifadhidata ya zamani, tusifute." Akasikia "tuifute". Akaifuta. Nakala ya akiba ya mwisho ilikuwa ya saa sita usiku, kwa hiyo mauzo yote ya asubuhi ile yakapotea, na makarani wa duka wakashinda siku mbili wakiingiza risiti upya, moja moja. Ndiyo, ni upuuzi kutoa amri ya namna ile kwa mdomo, na siku hizi tunaziandika. Lakini nilitaka kujua ile "s" ilienda wapi.

Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za kubeba sauti. Ya kwanza, A2DP, hubeba muziki wa stereo, ila huenda upande mmoja tu: kutoka kwenye kompyuta hadi sikioni. Ukiwasha maikrofoni ya hedifoni, kifaa huhamia njia ya pili, HFP, iliyobuniwa kwa ajili ya kupiga simu bila kushika simu, hasa ndani ya gari. Hapo sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, au mara 16,000 kama vifaa vyote viwili vinakubaliana. Linganisha na CD, ambayo ni mara 44,100. Kihesabu, upimaji wa mara 8,000 hauwezi kubeba sauti yoyote iliyo juu ya kilohezi 4, na nguvu nyingi ya sauti ya "s" iko juu ya hapo. Irabu zinapita, "s" inabaki mlangoni. Ndiyo maana pia ukiingia mkutanoni, muziki uliokuwa mtamu hugeuka ghafla ukasikika kama unatoka ndani ya kopo.

Ipo LE Audio, Bluetooth mpya iliyotangazwa mwaka 2020, inayorekebisha mengi ya haya. Lakini ni lazima kompyuta na hedifoni zote ziwe nayo, na kwa bei tunayoizungumzia mimi singeitegemea.

Kama tayari umenunua za Bluetooth, usizitupe. Nenda kwenye mipangilio ya sauti, uchague maikrofoni ya kipakatalishi chenyewe, hedifoni zibaki kwa kusikiliza. Utasikika vizuri zaidi bila kutoa senti. Tatizo ni kwamba maikrofoni hiyo inasikia pia kibodi yako na jirani anayekula njugu.

Halafu kuna ile stika ya "kuzuia kelele" kwenye boksi. Uzuiaji wa kielektroniki hufanya kazi vizuri zaidi kwa kelele nzito isiyobadilika, kama jenereta au feni. Sauti za watu huzipunguza kwa shida, na ofisini adui ni watu. Vifuniko vya sponji, vile unavyovibana kwa vidole kisha vikatanuka ndani ya sikio, ni rahisi na havihitaji betri. Na faida yake si utulivu tu. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, lakini ukifika 90 zinabaki saa 4. Wiki ya kazi ni saa 40! Anayeongeza sauti kila siku ili kuwashinda wenzake ofisini anamaliza mgao wake Jumatatu kabla ya chakula cha mchana.

Ukienda Luthuli Avenue, utaambiwa, "Bosi, hii besi utaisikia mpaka kifuani." Cheka naye, kisha uangalie plagi. Pete tatu nyeusi maana yake kuna maikrofoni, mbili maana yake hakuna. Yale maandishi ya hezi 20 hadi 20,000 yapuuze, yako karibu kila boksi. Nenda na kipakatalishi chako mwenyewe, jirekodi pale pale na kelele zote za barabarani, ujisikilize. Sema sentensi yenye "s" nyingi. Kama sauti zinasikika kwa mbali na zinarudi sawa ukibonyeza kitufe cha maikrofoni, plagi hiyo imepangwa kwa mtindo wa zamani, mtafutie muuzaji kazi nyingine. Kipakatalishi cha zamani chenye matundu mawili kitahitaji kigawanyi kidogo. Kisicho na tundu kabisa, tafuta adapta ya USB-C.

Ubaya wa waya ni kwamba hukatika, na hukatikia karibu na plagi. Hapa ndipo ninapokubali kuongeza mia chache: baadhi ya hedifoni za Kichina, kama za KZ, zina waya unaochomoka, ukikatika unanunua waya peke yake. Zangu ni za namna hiyo, zina mwaka sasa na ziko kwenye waya wa pili. Wa kwanza uliuawa na gurudumu la kiti changu.